Dodoma hadi Kondoa kwa Miguu, Peke Yako

Kila kijiji nilichoingia waliniuliza gari limeharibikia wapi. Mwanamke wa miaka 46, begi mgongoni, ametoka Dodoma mjini kwa miguu na hakuna gari lililoharibika: hilo haliingii akilini. Mara ya kwanza nilijibu kwamba natembea tu. Nilikosea sana. Anayetembea tu ni mwizi wa mbuzi, au mganga, au kichwa hakiko sawa. Siku hizi nasema naenda Kondoa kwa mama, na nimeamua kwenda kama bibi yangu alivyokuwa akienda. Ni kweli pia. Wazee hucheka, wakanisogezea kigoda.

Mimi ni fundi cherehani pale Majengo. Safari hii nimeifanya mara tatu, zote mwezi wa saba. Ni kama kilomita 160. Nenda siku nane, ishirini ishirini. Mwezi huo mvua zimeshasahaulika, mtama na uwele viko ndani, watu wana nafasi ya kuongea. Upepo unavuma kutoka kusini-mashariki nawe unaelekea kaskazini, kwa hiyo unakusukuma. Ubaya ni jua: wakati huo limeegemea kaskazini, linakupiga usoni. Anza saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukiwa na sweta maana baridi ya Dodoma si mchezo. Saa nne na nusu uwe chini ya mti, usitoke hapo hadi saa kumi. Mbuyu usikudanganye kwa unene wake. Umepukutisha majani na mara nyingi una nyuki. Tafuta mkwaju.

Kabla ya yote, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako akuandikie barua ya utambulisho yenye muhuri, uifunge pamoja na kitambulisho cha NIDA kwenye mfuko wa nailoni. Mwaka wa kwanza sikuwa nayo. Mtendaji wa kijiji kimoja aliniweka kwenye benchi tangu saa tano hadi saa tisa, akisubiri mtu fulani apokee simu. Niliachiwa baada ya kumshonea vifungo viwili vya shati.

Kuhusu njia: kule Uturuki wana njia ya miguu ya Likya, kama kilomita 540, imepakwa alama nyekundu na nyeupe kwenye mawe tangu 1999. Sisi alama zetu ni kinyesi cha ng'ombe. Usitembee kwenye lami, malori yanakupita kwa mwendo wa kutisha. Pembeni kuna vijia vya mifugo vinavyokwenda sambamba na barabara. Ukisikia injini kwa mbali mkono uleule, hujapotea. Msalato na Makutupora bado ni mjini mjini, utapata chapati na vocha. Ukishapita Mayamaya, vijiji vinaanza kuachana.

Hapo ndipo maji yanakuwa shughuli. Beba lita tano, nusu kwenye begi, nusu mkononi. Ukikuta pampu ya mkono, panga foleni kama wengine, usijifanye mgeni. Pasipo na pampu kuna korongo la mchanga, na mchanga wa Ugogoni unatunza maji kiangazi chote. Angalia walipochimba wenyeji, maana wanajua mkondo ulipo chini. Chimba kwa kata au sahani hadi kiwiko kizame. Yatatoka ya tope. Yateke uyamwage, mara mbili. Ya tatu hujikusanya polepole, meupe kama maji ya mchele. Yachuje kwa kanga iliyokunjwa mara nne, kisha yachemshe. Shimo ulilolikuta lina uzio wa miiba ni la mtu. Omba.

Kuomba malazi kuna namna yake. Fika kijijini saa kumi na moja jioni, giza lisikukute njiani, kwani fisi wapo. Kwa Wagogo salimia "mbukwa" kwa mmoja, "mbukwenyi" kwa wengi, na wazee shikamoo palepale. Onyesha barua kwa mwenyekiti. Halafu usiseme unataka kulala. Uliza kijiji kinachofuata kiko umbali gani. Mwenyekiti atashtuka: "Usiku huu? Wewe mama una wazimu?" Kufumba na kufumbua umeshaonyeshwa mkeka ndani kwa mke wake. Sijawahi kukosa. Usimpe hela, utamtia aibu. Mpe mama mwenye nyumba nusu kilo ya sukari na majani ya chai, na mlenda ukiletwa kula mpaka uishe.

Viatu viwe vya zamani, vilivyokwisha kuujua mguu. Mimi natembea na raba asubuhi, jioni katambuga. Lengelenge likituna, choma sindano kwenye moto, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua, acha ngozi ya juu ilivyo. Ukiibandua, utaketi siku mbili.

Ukifika Chemba, kabla ya Kondoa, nunua chumvi na sabuni, upumzike. Kondoa nilikuta mama ananingoja na ndoo ya maji ya moto. Wewe usiye na mama kule tafuta gesti, lala siku nzima, kisha uongeze kilomita ishirini na kitu hadi Kolo kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia 2006. Udongo wa huko ni mwekundu, umechimbika makorongo ya kutisha. Ndiko serikali ilikoondoa mifugo yote 1979 ili ardhi ipone. Pita ofisini kwanza, ulipe, upewe mtu wa kukuongoza. Kupanda ni kwa mikono na magoti.

Kurudi ni basi, mwendo wa saa tatu hivi. Nauli yake ishone kwenye pindo la gauni kabla hujatoka Dodoma, na usilifumue hata njaa ikuume vipi.