Jinsi ya kumwombea mtoto muda wa ziada kwenye mtihani wa SAT

Tangu SAT, mtihani wa kuombea nafasi vyuo vikuu vya Marekani, ihamie kwenye kompyuta, Machi 2023 kwa wanaofanyia nje ya Marekani na Machi 2024 kwa walioko huko, kuna wazazi wanaodhani mambo ya mtoto mwenye ulemavu yamejimaliza yenyewe. Hayajajimaliza. Kutumia kompyuta hakuombewi tena kibali, lakini muda wa ziada, mapumziko ya ziada, kusomewa skrini kwa sauti, nukta nundu, hata karatasi kwa mtoto asiyeweza kukodolea skrini, vyote vinaombwa College Board, shirika linaloendesha mtihani huo.

Usianze na kujisajili kufanya mtihani. Anza shuleni. Uliza ni mwalimu gani anayeingiza maombi haya mtandaoni. Kwa kawaida yuko mmoja aliyepewa kazi hiyo. Mzazi anasaini fomu ya ridhaa, inabaki shuleni, mwalimu anatuma maombi. Kama shule haina mtu huyo, familia inaweza kuomba yenyewe kwa fomu ya karatasi, ila mimi ningehangaika kwanza kumpata mwalimu.

Ushahidi ndio unaowakwamisha wengi. Mtoto aliyeko Marekani mwenye mpango rasmi wa shule wa kumsaidia (unaoitwa IEP au 504), na anayetumia msaada huohuo kwenye mitihani ya darasani, mara nyingi hupita bila kudaiwa ripoti. Huku kwetu unapeleka ripoti ya mtaalamu na maelezo ya walimu. Barua ya "mwanafunzi huyu ni mzito kusoma, tunaomba asaidiwe" haina uzito. Mwalimu aandike anachokiona: kwamba wenzake wanapomaliza kifungu, yeye yuko aya ya pili, kwamba akiongezewa nusu saa anajibu maswali aliyokuwa akiyaacha wazi. Wanaosoma maombi hawaulizi tu mtoto anaumwa nini, wanauliza hali hiyo inamzuiaje ndani ya chumba cha mtihani.

Majibu huchukua hadi wiki 7, na wakitaka nyaraka zaidi, hesabu nyingine 7. Kwa mtihani wa Oktoba, maombi yaliyotumwa Agosti mwishoni yameshachelewa.

Barua ya kibali ina namba ya SSD, yaani ya kitengo cha College Board cha wanafunzi wenye ulemavu. Itumie wakati wa kujisajili, la sivyo kibali kitakaa kwenye droo na mtoto atafanya kwa muda wa kawaida. Kibali hichohicho kinatumika pia kwa mitihani mingine ya College Board: PSAT (ya kujiandaa na SAT) na AP (ya masomo ya kiwango cha chuo). ACT, mtihani mwingine wa kuombea chuo, wana utaratibu wao. Huko unaanza upya.

Sasa mazoezi. Programu ya mtihani inaitwa Bluebook, ipakue mapema na ufanye majaribio ukiwa umewasha muda wa ziada. Nasisitiza hili kwa sababu sehemu ya kusoma na kuandika imegawanywa vipande viwili, na kila kipande chenye dakika 32 kinakuwa na 48 kwa aliyeongezewa nusu ya muda, na akimaliza dakika ya 35 haruhusiwi kusonga mbele. Anabaki na saa inayohesabu juu ya skrini. Mtoto asiyetulia anateseka zaidi na dakika hizo 13 kuliko na maswali, kwa hiyo mwenye shida ya utulivu pekee pengine anahitaji mapumziko ya ziada, si muda.

Siku 5 kabla ya mtihani, Bluebook inafungua maandalizi na kutoa tiketi. Isome. Kama msaada ulioidhinishwa hauonekani, wasiliana na College Board siku hiyohiyo. Asubuhi ya mtihani msimamizi hana mamlaka ya kumwongezea mtu dakika.