Kuendesha Programu ya DOS Yenye Data ya Mtandao kwenye Kompyuta ya Kisasa

Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, kwa hiyo programu ya stoo au ya mahesabu iliyoandikwa kwa Clipper au FoxPro, lugha za programu za data za DOS (mfumo endeshi uliotangulia Windows), haitafunguka hata ukiibofya mara ngapi. Wengi ninaowasaidia huwa wameshapata programu inayoiga kompyuta ya DOS; kinachowashinda ni watu wawili kutumia data ileile kwa wakati mmoja bila kuiharibu.

Hatua ya 1. Nakili folda yote ya data, kisha fanya majaribio kwenye nakala tu.

Hatua ya 2. Programu za DOS hutaka herufi ya diski, si anwani ya mtandao. Katika kila kompyuta, ipe folda ya seva yenye nakala hiyo herufi ileile, kwa amri hii katika Command Prompt:

net use F: \\seva\data /persistent:yes

Hatua ya 3. Sakinisha DOSBox-X, mojawapo ya programu zinazoiga kompyuta ya DOS. DOSBox ya kawaida siipendekezi kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya michezo na haifungi rekodi, yaani haimzuii mtu wa pili kuhariri rekodi ambayo mwenzake anaihariri. Katika faili ya mipangilio, chini ya [dos], andika:

share = true
file access tries = 3

Chini ya [autoexec] weka "mount f f:\". Usiifungue DOSBox-X kwa mamlaka ya msimamizi, kwa sababu Windows humficha msimamizi diski F iliyounganishwa na mtumiaji wa kawaida.

Hatua ya 4. Hapa ndipo data huharibika, na huharibika kimyakimya. Ili kuharakisha kazi, Windows huhifadhi kwa muda taarifa za faili za seva, ukiwemo ukubwa wake, na muda wa kawaida ni sekunde 10. Programu inayotumia faili za data za DBF, kama za Clipper na FoxPro, huongeza rekodi mpya mwishoni mwa faili. Kompyuta ya pili ikiwa bado inaamini ukubwa wa zamani, inaweza kuandika rekodi yake juu ya ile iliyoingizwa punde na mwenzake, na faharasa ya NTX au CDX (faili inayoonyesha kila rekodi ilipo) ikaanza kuelekeza mahali pasipo sahihi. Watu hulaumu kebo au diski, kumbe tatizo ni kumbukumbu hiyo ya muda. Fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi katika kila kompyuta, wala usiruke hata moja, kwa maana moja iliyosahaulika inatosha kuharibu data ya wote:

Set-SmbClientConfiguration -FileInfoCacheLifetime 0 -DirectoryCacheLifetime 0 -FileNotFoundCacheLifetime 0

Upande wa seva pia, zuia kompyuta zisikabidhiwe faili na kuzihifadhi kwao. Kwa seva ya Windows ya matoleo mapya tumia "Set-SmbShare -Name data -LeasingMode None"; kwa Samba (programu ya seva ya faili inayotumika kwenye Linux) andika "oplocks = no" chini ya folda hiyo. Kasi itapungua kidogo, nami naona ni heri polepole yenye hesabu sahihi.

Hatua ya 5. Fungua rekodi moja kwa ajili ya kuihariri katika kompyuta mbili. Ya pili lazima ikataliwe. Kisha ongeza rekodi katika ya kwanza na uitafute mara moja katika ya pili. Majaribio yote mawili yakifaulu, elekeza F kwenye data halisi na ujenge faharasa upya wakati watumiaji wote wametoka.