Kabla Hujaiuliza Programu Dimensheni Ni Ngapi

Tuseme una safu moja tu ya namba: kimo cha maji ya bahari bandarini Zanzibar, kimepimwa kila saa. Chukua kimo cha sasa, cha saa tatu nyuma na cha saa sita nyuma, uzifanye namba hizo tatu kuwa nukta moja. Rudia hivyo kwa kila saa, na nukta zitachora umbo. Mwaka 1981 Floris Takens alithibitisha kwamba namba za kila nukta zikitosha, umbo hilo hulingana na la mfumo wenyewe uliozizaa. Zikitosha ngapi? Hiyo ndiyo dimensheni ya upachikaji, na programu itakutajia kwa sekunde mbili, hata kama data zako ni takataka.

Kwa hiyo zichore kwanza, uzitazame kwa macho. Kipimo kilizimika lini? Pengo lilijazwaje? Ukiziba kwa mstari ulionyooka umeongeza ulaini ambao bahari haikuutoa. Mwaka 1984 C. Nicolis na G. Nicolis waliripoti, kwa ushahidi wa isotopu za oksijeni kwenye matope ya sakafu ya bahari, kwamba tabianchi ya kale ilikuwa na umbo la dimensheni karibu 3.1 tu (dimensheni ya umbo la aina hii si lazima iwe namba kamili). Miaka miwili baadaye Peter Grassberger akalipinga dai hilo: data zilikuwa chache na zimelainishwa kwa kujaziwa.

Kuhusu wingi wa data, watu wengi hujidanganya. Ukipima maji kila dakika kwa wiki moja unapata nukta 10,080, na unajiona tajiri. Lakini bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo) hupokezana kwa mzunguko wa siku 14.77, kwa kuwa mwezi huvuta kwa kipindi cha saa 12.42 na jua kwa saa 12. Wiki yako haijamaliza hata mzunguko mmoja. Kinachohesabiwa ni mara ngapi mfumo umerudi karibu na pale ulipokuwa; kupima kwa haraka zaidi hakuongezi marudio hata moja. Afadhali mwaka mzima wa vipimo vya kila saa.

Halafu uamue kichelewesho, yaani urefu wa kurudi nyuma. Kwa maji haya saa moja ni fupi mno: namba jirani zinakaribia kulingana, nukta zinajibana kwenye mstari wa mshazari. Saa sita nazo ni karibu nusu ya kipindi. Maji yaliyokuwa juu sasa yako chini kwa kiasi kilekile, na umbo la namba mbili linabanwa tena. Saa tatu, takriban robo ya kipindi, ndizo zinazolifungua. Data zisizo na mdundo dhahiri hutumia njia ya Fraser na Swinney ya 1986: tafuta bonde la kwanza kwenye mchoro wa taarifa shirikishi, yaani kiasi ambacho namba ya sasa inakujulisha kuhusu ile ya nyuma.

Sasa majirani wa uongo, yaani nukta zinazoonekana kukaribiana kwa sababu tu dimensheni hazijatosha; ni kipimo cha Kennel, Brown na Abarbanel cha 1992. Vivuli vya kunguru na mwewe vinaweza kugusana uani ilhali mmoja yuko juu ya mnazi na mwingine karibu na mawingu. Ukiongeza dimensheni moja, wanaachana. Unaongeza hadi wasibaki wa kuachana. Ila uhakikishe mambo mawili. Nukta zilizofuatana kwa wakati zisihesabiwe kuwa majirani, maana ukaribu wao haukuelezi kitu kuhusu umbo. Na kigezo cha pili cha waandishi hao, kinacholinganisha umbali na ukubwa wa umbo zima, kisizimwe: bila hicho, kelele tupu inaweza kuonekana kama mfumo wa dimensheni chache. Mimi huendesha pia njia ya Cao ya 1997, ambayo ina kipimo cha pembeni kinachobaki karibu na 1 kwa dimensheni zote data zikiwa za bahati nasibu.

Usitishwe na kanuni ya Sauer, Yorke na Casdagli ya 1991, kwamba dimensheni izidi mara mbili ya ile ya umbo. Hiyo ni dhamana, si sharti. Umbo la Lorenz, linalochorwa na milinganyo mitatu ya mwendo wa hewa, lina dimensheni takriban 2.06, dhamana inadai 5, lakini 3 hutosha.

Ndiyo maana Lorenz anatangulia, bahari baadaye. Tengeneza data za milinganyo yake ya 1963, kwa vigezo 10, 28 na 8/3, uchague kichelewesho chake upya, kisha uipe programu yako. Ikikujibu 7, usiguse faili la Zanzibar.