Jinsi ya kuuza taimsheya ya Marekani bila kutapeliwa

Somo hili ni la ndugu mlioko Marekani, mlioalikwa kwenye vikao vya mauzo kule Orlando au Las Vegas, mkapewa chai na tiketi za bure, mkatoka na taimsheya: haki ya kukaa kwenye hoteli ya mapumziko wiki moja kwa mwaka, na bili ya matunzo isiyokoma. Niseme wazi mapema: pesa uliyonunulia hairudi. Kwenye eBay wiki hizi huwekwa hata kwa dola 1 na nyingine bado hazipati mtu. Unauza ili uikate ile bili.

Kama umesaini juzi tu, usiuze, vunja mkataba. Florida inakupa siku 10, California 7, Nevada 5. Andika barua, itume kwa posta yenye risiti kwa anwani iliyomo mkatabani. Kumpigia simu aliyekuuzia hakutoshi.

Hatua ya 1: Toa karatasi zote. Je, una hati iliyosajiliwa kaunti, au ni pointi tu za kubadilisha na siku za kukaa? Ada ya matunzo ni kiasi gani, inalipwa mwezi gani? Mkopo ukiwa haujaisha, umalize kwanza.

Hatua ya 2: Ipigie kampuni ya hoteli yenyewe uulize kama wanaichukua tena taimsheya yako. Kadhaa kubwa, Wyndham ikiwemo, zina utaratibu huo kwa asiye na deni. Hulipwi kitu, lakini kwa wengi wenu hapa ndipo safari inapoishia, na mimi ningeanzia hapa.

Hatua ya 3: Tafuta bei ya kweli. Usitazame bei wanazotaja wauzaji, tazama zilizokwisha kulipwa.

Hatua ya 4: Tangaza, kwa mfano kwenye tovuti ya RedWeek au kwenye TUG, mtandao wa wamiliki wa taimsheya. Ada ndogo ya tangazo ni sawa. Dalali mwenye leseni hukata chake baada ya mauzo.

Hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Simu inaingia, mtu anaongea kwa adabu, anajua jina la hoteli yako na wiki yako. "Mnunuzi yupo tayari kwa dola 18,000. Tuma 1,500 za kodi tufunge leo." Ukituma, kesho kuna ada nyingine, keshokutwa faini. Wenye taimsheya za Mexico wako hatarini zaidi: mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za utapeli huu kule Puerto Vallarta, waliohusishwa na genge la dawa za kulevya la CJNG. Mnunuzi wa kweli ndiye anayeleta pesa. Anayekutaka wewe utume kwanza, kata simu.

Hatua ya 5: Pesa za mnunuzi zishikwe na wakili au kampuni ya hatimiliki, yaani inayosimamia uhamisho wa umiliki. Hati mpya isajiliwe kwenye kaunti lilipo jengo, kisha udai barua ya kampuni ya hoteli kwamba jina limebadilishwa. Wengi husahau barua hii, na mwakani bili inarudi kwao.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nikiacha tu kulipa?*
Marahaba. Deni litapelekwa kwa wakusanya madeni, hoteli inaweza kuitwaa wiki yako kisheria, na rekodi yako ya mikopo itachafuka. Anza na hatua ya 2.

*Hasara ninaipunguza kwenye kodi?*
Hapana, kama uliitumia kwa mapumziko yako. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haikubali.

*Nimesharudi Dar. Nitasainije hati ya Florida?*
Florida inataka mashahidi wawili na mthibitishaji wa saini (notary). Sheria yake inaruhusu uthibitisho kwa video, lakini iulize kwanza kampuni ya hatimiliki kama itakubali. Au weka miadi ubalozi wa Marekani, dola 50 kwa kila muhuri.

*Mzee wetu amefariki, ameacha taimsheya. Tunalazimika kuirithi?*
Poleni sana. Hamlazimiki. Mrithi anaweza kuikataa kwa maandishi. Kwa sheria ya kodi ya Marekani muda ni miezi 9 tangu kifo. Ila msiitumie ile wiki wala kulipa ada kwa majina yenu kabla ya kuonana na wakili wa jimbo husika, isije ikahesabiwa kwamba mmeshaipokea.