Laptop ya Linux haitoi sauti? Usikubali haraka kwamba kadi imeungua

Wakuu, naandika hii kwa sababu ya dada mmoja tuliyepanga naye nyumba moja hapa Sinza. Ana laptop used aliyochukua Kariakoo, Windows ilikuwa inasuasua tukamwekea Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ikawa nyepesi, mpaka siku moja sauti ikakata kabisa. Akaipeleka kwa fundi, fundi akaishika dakika chache akamwambia saundi kadi imeungua na kwa kuwa imeshikana na bodi basi bodi nzima ibadilishwe. Kazi ya huyu dada ni kusikiliza rekodi za mahojiano na kuyaandika, bila sauti hana hela ya kodi, akawa anatafuta mtu wa kumkopesha. Nikamwambia dada subiri kwanza niiangalie. Robo saa tu sauti ikarudi, hakuna kilichoungua, ilikuwa ni chaneli moja imefungwa.

Inaniuma mtu kulipa hela ya bodi kwa tatizo la kubonyeza herufi moja, kwa hiyo leo nawapitisha njia ile ile niliyopita.

Cha kwanza elewa sauti inapita wapi. Chukulia kama maji ya nyumbani, yakikata huvunji ukuta, unaangalia kama barabarani yapo, halafu koki ya mita, halafu tenki, halafu ndo bomba la jikoni. Kwenye Linux barabarani ni kadi yenyewe, halafu draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, iliyo ndani ya kerneli ambayo ni kiini cha Linux (hii inaitwa ALSA), halafu inakuja seva ya sauti inayogawa sauti kwa programu zote, zamani ilikuwa PulseAudio siku hizi ni PipeWire, mwisho kabisa ndo brauza yako au VLC. Wengi wanahangaika na VLC wakati maji hayajafika hata kwenye mita.

Kabla ya kufungua terminali (lile dirisha la kuandikia komandi) chomeka hedifoni. Zikilia hedifoni na spika hazilii, kadi yako ni nzima, hilo liweke akilini. Halafu ingia Settings, Sound, angalia sehemu ya Output imechaguliwa nini, maana ukishawahi kuchomeka laptop kwenye TV au projekta unaweza kukuta sauti bado inapelekwa HDMI na TV yenyewe haipo. Ukikuta pameandikwa Dummy Output ujue seva haioni kadi yoyote, twende chini.

Andika hii:

aplay -l

Ikikuletea mstari kama card 0 au card 1 wenye neno Analog na namba ya chipu, mara nyingi Realtek ALC kitu fulani, basi draiva imeshika kadi na unaruka moja kwa moja kwenye alsamixer hapo chini. Ikisema no soundcards found, usikate tamaa, uliza kama mashine yenyewe inaiona:

lspci -nnk | grep -iA3 audio

Angalia mstari wa Kernel driver in use. Ukiwepo utakuta snd_hda_intel au jina linaloanza na sof. Usipokuwepo kabisa, kadi ipo ila haina wa kuiendesha.

Hapa kwenye sof ndo pana kesi nyingi za laptop za miaka ya karibuni zenye Intel, hasa zile zenye maiki za dijitali juu ya skrini. Hizi sauti yake inapita kwenye kiprosesa kidogo cha sauti ambacho kinahitaji famweya yake (programu yake ya ndani), famweya isipokuwepo kadi inakaa kimya kama imekufa na ndo maana mafundi wanaitangazia msiba. Angalia kerneli inalalamika nini (sudo maana yake unaendesha komandi kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine):

sudo dmesg | grep -iE "snd|sof"

Ukiona mambo ya firmware na failed kwenye mstari mmoja, jibu umelipata. Kwenye Debian na Ubuntu za sasa:

sudo apt install firmware-sof-signed

Fedora inaitwa alsa-sof-firmware, Arch ni sof-firmware. Wa Debian 12, ile ya 2023, hakikisha non-free-firmware ipo kwenye orodha ya vyanzo vyako la sivyo apt itakwambia haijui. Ukimaliza ristati mashine.

Ikigoma kuna njia ya kulazimisha draiva ya zamani:

echo "options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1" | sudo tee /etc/modprobe.d/sauti.conf

Ristati. Spika zinaweza kurudi lakini maiki ya ndani ya laptop ikapotea, kwa hiyo kama unafanya mikutano ya mtandaoni itabidi utumie maiki ya hedifoni. Isiposaidia futa hilo faili kwa sudo rm /etc/modprobe.d/sauti.conf na unarudi ulipokuwa.

Wenye Windows na Linux kwenye mashine moja, kuna kitu kinaitwa Fast Startup kule Windows, ukizima mashine haizimi kabisa inalala nusu, ukija kuwasha Linux unaweza kukuta kadi imeganda. Zima Fast Startup, au ukitoka Windows bonyeza Restart badala ya Shut down.

Sasa alsamixer, hapa ndo palikuwa na tatizo la dada. Andika alsamixer, ikifunguka utaona kimstari kimoja tu cha Master, wengi wanaishia hapo wanasema mbona imejaa. Bonyeza F6 uchague kadi yako halisi, hapo ndo zinatokea koki zote: Master, Headphone, Speaker, PCM na nyingine. Chini ya kila moja kuna herufi, 00 maana yake iko wazi, MM imefungwa. Ya dada Master ilikuwa 00 na imejaa mpaka juu, Speaker ilikuwa MM. Unasogea kwa mishale ya kulia na kushoto, unabonyeza M inafunguka, mshale wa juu unaongeza. Ukienda kulia zaidi unaweza kukuta Auto-Mute Mode, hii inazima spika ukichomeka hedifoni, na kwa laptop used ambazo jeki (tundu la hedifoni) imeshika vumbi kadi inadhani hedifoni zimechomekwa muda wote. Weka Disabled ujaribu, halafu puliza jeki vizuri mashine ikiwa imezimwa. Ukiridhika toka kwa Esc na uhifadhi:

sudo alsactl store

Jaribu kupiga sauti moja kwa moja kwenye kadi bila kupitia seva, weka namba uliyoiona kwenye aplay:

speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav

Utasikia sauti ya mtu inataja Front Left na Front Right, simamisha kwa Ctrl+C. Ikikwambia busy, funga brauza na chochote kinachopiga muziki urudie. Mimi naipenda hii komandi kuliko zote kwa sababu inakata ubishi: ukisikia, kadi na draiva viko salama na shida imebaki kwenye seva.

Kwenye seva kwanza jua una ipi, pactl info, soma mstari wa Server Name. Ikiwa ni PipeWire andika wpctl status, tafuta sehemu ya Sinks (ndo orodha ya sehemu sauti inakoweza kutokea), yenye nyota ndo inayotumika. Kama nyota imekaa kwenye HDMI chukua namba ya spika zako, tuseme 52, uandike wpctl set-default 52. Ikiwa seva yenyewe imeganda:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Hakuna sudo hapo. Tafadhali msiendeshe seva ya sauti kwa sudo, inaacha mafaili ya root (msimamizi) kwenye home, folda yako binafsi, halafu kesho sauti inakataa na hujui kwa nini. Bado haieleweki, ondoa kumbukumbu zake zijitengeneze upya, mv ~/.local/state/wireplumber ~/wireplumber-zamani, halafu rudia ile restart.

Pia weka pavucontrol, ni programu ndogo yenye vitufe, kuna tabu ya Configuration unaweza kukuta kadi imewekwa Off na mtu hajui aliizima lini.

Spika zikitoa mlio wa tak tak kila sauti ikianza na kuisha, hiyo ni kadi inalala kubana umeme. Kama draiva yako ni snd_hda_intel, weka options snd_hda_intel power_save=0 kwenye faili la modprobe kama tulivyofanya juu. Hedifoni za Bluetooth zikianza kusikika kama redio mbovu ukiwa kwenye simu ya video, ni kwa sababu maiki yake ikiwashwa zinahama kutoka A2DP (modi ya muziki) kwenda modi ya simu, chagua maiki ya laptop zitarudi vizuri.

Umefanya yote hayo na kimya? Tengeneza flashi ya Linux nyingine, iwashe bila kuinstoo. Sauti ikitoka pale, kadi ni nzima na mwambie hivyo fundi yeyote. Isipotoka, na Windows nayo ikigoma, hapo kweli inaweza kuwa kadi au waya wa spika, lakini hata hivyo bodi usibadilishe kwanza. Zunguka Kariakoo utafute saundi kadi ya USB, kale kadude kadogo ka matundu mawili, nyingi Linux inazitambua palepale bila draiva. Ukiichomeka rudia aplay -l, itatokea kama kadi nyingine, ichague kwenye Output na uendelee na kazi.