Wai-fai ya kishikwambi ikizorota: mambo ya kuzingatia kabla ya kugusa mipangilio

Wai-fai ikianza kuzorota, wengi wetu hukimbilia kuzima na kuwasha kila kitu, kisha tunabadilisha mipangilio mitatu minne kwa mkupuo. Kasi ikirudi, hujui kilichosaidia ni kipi. Isiporudi, hujui umeharibu wapi.

Kwa hiyo anza kwa kupima, tena mara mbili. Simama na kishikwambi mita mbili hivi kutoka kwenye ruta, pima kasi, andika. Kisha nenda pale unapokaa siku zote, upime tena. Kasi ikiwa nzuri karibu na ruta lakini mbovu chumbani, shida iko hewani. Ikiwa mbovu kote kuwili, pima kwa kifaa kingine, na ikiwezekana kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya. Nayo ikisuasua, huenda ni laini inayoingia nyumbani au kifurushi chenyewe, na hakuna mpangilio wa kishikwambi utakaokuokoa. Angalia pia usichanganye vipimo: vifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali mafaili huhesabiwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Laini ya megabiti 40 haiwezi kupakua zaidi ya megabaiti 5 kwa sekunde. Wengi wanaodhani wameibiwa wamekwama hapa tu.

Shida ikiwa hewani, itazame ruta ilipo. Mara nyingi huwa imefichwa nyuma ya runinga au ndani ya kabati kwa sababu haipendezi machoni. Itoe. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Zege, chuma, kioo cha kujitazamia na hata tangi la samaki hula mawimbi. Pazia na mbao nyembamba hazina neno sana.

Kisha kuna suala la masafa, na hapa ndipo kasi nyingi hupotelea. Ruta nyingi za sasa hurusha kwa gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini imesongamana: Bluetooth imo humo, ruta za majirani zimo, na maikrowevu ikiwaka nayo huvuruga eneo hilohilo. Ya 5 ina kasi zaidi ila huchoka upesi ikikutana na kuta. Ukikaa chumba kimoja na ruta, tumia ya 5. Ukiwa mbali, jaribu zote mbili kama kifaa chako kinazo, maana vishikwambi vya zamani na vya bei ya chini huweza kuwa na 2.4 peke yake. Kwenye 2.4, chaneli (vijinjia vilivyogawanywa ndani ya masafa hayo) zisizoingiliana kwa kawaida ni 1, 6 na 11; chagua isiyo na watu wengi miongoni mwa hizo, wala usijidanganye kwamba ya 3 ni njia ya mkato.

Upande wa kishikwambi si mrefu. Angalia kama kuna masasisho au picha zinazopakiwa kimyakimya, kama VPN (huduma inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine) imewashwa, kama hali ya kuokoa betri inafanya kazi, na kama hifadhi imejaa. Ukurasa unaochelewa kufunguka wakati mwingine ni kifaa kilichochoka, mtandao hauna kosa. Kwenye ruta, hakikisha ulinzi wa wai-fai, yaani aina ya usimbaji unaoendana na nywila, ni WPA2 au WPA3. Ule wa zamani wa WEP, mbali na kuvunjika kirahisi, huibana kasi isizidi megabiti 54.

Ukifikia hatua ya kununua kiongeza mawimbi, jua kwamba vile vya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi inaweza kupungua karibu nusu. Na usikichomeke kwenye chumba kisichopata mawimbi, kwa kuwa hakitakuwa na cha kuongeza. Kiweke katikati ya njia, pale ambapo kishikwambi bado kinapata kasi nzuri.