Ndege ya kijeshi ikianguka shamba: la kufanya kabla askari hawajafika

Ikianguka kwenye mikarafuu au bonde la mpunga Pemba, tazama upepo kwanza. Msimu wa kusi simama kusini ya moshi, angalau mita 300. Wa kaskazi, kaskazini. Moshi ukipungua usisogee: ndege nyingi za kisasa zina nyuzi za kaboni, zikiungua huwa vumbi linalochoma ngozi na kuingia mapafuni.

Piga 112, kisha sheha. Taja shehia, njia ya karibu, na kama gari inapita.

Hatari kubwa ni kiti cha rubani. Cha ndege ya kivita kina baruti na roketi za kumrusha nje, na moto ukizimika bado zimo. Mpini wake, mara nyingi wa mistari ya njano na nyeusi, usiguswe kabisa.

Rubani aliyeshuka kwa parachuti, ikunjeni upepo usimburute, lakini msimkalishe. Kule kurushwa huweza kuvunja pingili za uti wa mgongo.

Vipande msiviokote kuuza chuma chakavu, tafadhalini: pale kilipodondoka kila kimoja ndipo wachunguzi husoma ndege ilivyovunjika. Chomekeni kijiti chenye kitambaa kando yake, basi.